Lilipimwa kwa Maji ya Wapi?

Mwaka jana nilimnunulia shangazi yangu wa Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, chujio la maji. Ndoo mbili nyeupe za plastiki, moja juu ya nyengine, na katikati yake kidude cha mviringo, saizi ya kopo la maziwa. Boksi lilijaa herufi za kung'aa: nano, madini ya fedha, asilimia 99.9 ya bakteria hufa. Muuzaji, katika duka moja la mjini ambalo sina haja ya kulitaja, aliligonga kwa kucha akaniambia hili si chujio la kizamani, hili ni la kisayansi. Nikalipa bila ya kuomba kupunguziwa, na kwa mtu wa kwetu hiyo ni dalili kwamba amesadiki kweli kweli.

Wiki tano lilifanya kazi. Kisha maji yakaanza kushuka tone kwa tone, hadi ikawa ndoo iliyotiwa alfajiri haijafika nusu baada ya adhuhuri. Shangazi akalifungua, akakuta kile kidude kimevaa gamba jeupe, gumu, kama lile linaloganda ndani ya birika la chai. Akalikwangua kwa kijiko. Nadhani na fedha yenyewe ikaenda na kijiko. Nilirudi dukani, si kwa ugomvi, nilitaka kujua jambo moja tu: chujio hili lilipimwa kwa maji gani? Muuzaji akanitazama kama niliyemuuliza jina la babu yake mzaa babu. "Maji ni maji, shekhe wangu," akasema.

Maji si maji. Jambiani imekaa juu ya maweni, jiwe la matumbawe ya kale. Mvua ikinyesha pale haitiririki juu ya ardhi. Inazama kwenye mianya na mapango, na huko chini inakutana na bahari iliyopenya kutoka ufukweni. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi, kwa hiyo yanaelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Wanaohesabu mambo haya wana kanuni ya zamani: kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari imebebwa na kiasi cha mita 40 za maji baridi chini yake. Uzuri wake ndio ubaya wake. Ukivuta kwa mota mchana kutwa mpaka ile mita moja ikapungua nusu, chumvi inakuja juu mita 20. Ndiyo maana kisima kilichokuwa kitamu kwa wazee leo hakipikiki chai.

Jiwe lenyewe ni chokaa, na maji yanayopita humo hutoka na kalsiamu na bikaboneti, yaani chokaa iliyoyeyuka. Tena lina matundu, kwa hivyo kinachomwagwa kwenye shimo la choo hakipati udongo wa kukichuja njiani, na mara nyengine kinafika kisimani haraka kuliko tunavyopenda kuamini. Dumu moja la Jambiani basi lina mambo matatu kwa pamoja: chokaa, chumvi, na kilichotoka chooni. Aliyetengeneza lile chujio alikuwa na lipi kati ya hayo matatu juu ya meza yake?

Nisieleweke vibaya, mimi si adui wa nano. Kila anayepika pilau anajua siri yake. Pilipili manga nzima ukiitia chunguni inatoa harufu taratibu. Isage, harufu inajaa nyumba. Pilipili ni ile ile, kilichoongezeka ni eneo lake la kugusana na mchuzi. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita moja: una eneo la sentimita sita za mraba, basi. Ukate vimchemraba vyenye upande wa nanomita 10, na eneo lote kwa pamoja linafika mita 600 za mraba, zaidi ya kiwanja cha mpira wa kikapu, kutoka kitu kinachoingia katika ganda la kungu. Kwa eneo kama hilo kitu kinaweza kunasa sumu, kubeba dawa, kuua kijidudu.

Wala haya si ndoto za maabara. Chanjo za UVIKO-19 zilizowapatia Katalin Karikó na Drew Weissman Tuzo ya Nobeli ya 2023 zilibebwa mwilini ndani ya vipovu vya mafuta vya saizi ya nano. Bila ya vipovu hivyo chembe ya maelekezo (mRNA) iliyomo katika chanjo ingesagika kabla ya kuingia kwenye seli. Mwaka 2025 Tuzo ya Nobeli ya kemia ilikwenda kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi, kwa vitu vilivyojengwa kwa madini na kaboni vikiwa na vyumba vitupu ndani yake, ambavyo gramu chache tu zina eneo la kiwanja cha mpira wa miguu, na Yaghi amevitumia kuvuna maji kutoka hewa ya jangwani. (Sisi huku jangwa hatuna. Unguja hupata kiasi cha milimita 1,600 za mvua kwa mwaka. Paa la bati la mita 50 za mraba linapokea karibu lita 80,000, na sehemu kubwa tunaiacha ianguke uani itutie tope.)

Shida inaanza pale chembe hizi zinapotoka maabara zikakutana na dumu la shangazi. Soma tafiti za kusafisha maji kwa nano, hata kumi tu, uangalie sehemu ile wanayoeleza walivyofanya. Mara nyingi utakuta maji yaliyotumika ni yale yaliyosafishwa mpaka hayana kitu, yale ambayo sisi tunayaita maji ya betri. Humo wametia uchafu mmoja, na uchafu unaopendwa sana ni rangi ya buluu ya methilini. Unaitia rangi, unatia chembe zako, unawasha taa, buluu inafifia, unachora grafu nzuri inayoshuka. Kama zoezi la kujua chembe zinafanyaje kazi, sawa kabisa. Lakini hakuna mtu Jambiani anayekunywa wino.

Titaniamu dioksaidi, ambayo hupata nguvu ya kuua vijidudu ikipigwa na jua, ni mfano mzuri. Inafanya kazi kwa kuzalisha chembe kali za muda mfupi ambazo zinaunguza chochote kilicho karibu. Bikaboneti ni katika vitu vinavyozimeza chembe hizo kabla hazijamfikia bakteria. Maji ya maweni yamejaa bikaboneti. Na fedha, ile iliyomo katika chujio langu, huua kwa kuachia ioni zake, chembe ndogo mno zenye chaji, kidogo kidogo. Ioni ya fedha ikikutana na kloraidi inashikana nayo, wanaganda pamoja, na makali yanapungua. Kloraidi ni nusu ya chumvi ya kula. Kwa lugha ya jikoni: unamtuma mtu sokoni kununua samaki, njiani anakutana na jamaa zake, wanakaa barazani, samaki hafiki. Kisha kalsiamu nayo ina tabia yake. Chembe za nano zikiwa huru majini huachana kwa sababu kila moja ina chaji inayoisukuma mwenzake. Kalsiamu huizima chaji hiyo, chembe zinakumbatiana na kuwa madonge, na ile mita 600 ya eneo inarudi kuwa kokoto. Zikiwa zimebandikwa kwenye kigae, kama za lile chujio, hazikumbatiani, lakini gamba la chokaa linazifunika. Ndilo lile alilolikwangua shangazi kwa kijiko.

Hakuna siri yoyote hapo. Ni kemia inayosomeshwa skuli, au inayostahili kusomeshwa. Aliyeuza hakuuliza, na aliyenunua, yaani mimi niliyesoma, hakuuliza vilevile.

Sasa nataka tutoke kwenye maji kidogo, twende Pemba, kwa sababu kisiwa hicho kilishaifundisha dunia somo hili hili kwa gharama kubwa, nasi wenyewe ni kama tumelisahau.

Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kuna maabara ya afya ya jamii yenye jina la Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000. Si mbali na hapo pana kiwanda cha makonyo, na upepo ukiwa upande wake utaisikia harufu ya karafuu kabla hujaona jengo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulifanyika Pemba utafiti mkubwa juu ya watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35. Swali lilionekana dogo. Watoto wengi wana upungufu wa damu. Madini ya chuma huongeza damu. Shirika la Afya Duniani wakati huo lilikuwa linashauri watoto wadogo wote wa maeneo yenye upungufu mkubwa wa damu wapewe chuma na asidi ya foliki. Basi wapewe, na tuone wangapi tutawaokoa.

Watoto 24,076 waliingia katika sehemu ya utafiti iliyohusu chuma. Agosti 2003 sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati wake. Watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kuugua hadi kulazwa, kuliko wenzao ambao hawakupewa. Matokeo yalichapishwa Januari 2006 katika jarida la tiba la Lancet, na katika toleo lile lile kulikuwa na utafiti pacha kutoka Nepal, vidonge vya aina ile ile, watoto wa umri ule ule. Nepal chuma hakikuwadhuru watoto. Tofauti kubwa baina ya sehemu hizo mbili ilikuwa malaria: Pemba ya wakati ule ilikuwa imejaa malaria, na pale Nepal malaria haikuwa tatizo. Tena ndani ya Pemba yenyewe kulikuwa na kundi dogo la watoto waliofuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria kwa haraka, na kati yao wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma walinufaika.

Kidonge kimoja, Pemba kina sura moja na Nepal sura nyengine. Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake, na leo chuma katika maeneo ya malaria kinakwenda pamoja na kinga na tiba ya malaria. Kama utafiti ule ungefanywa Nepal tu, watoto wangapi wa pwani hii wangepewa chuma kwa nia njema? Na kuna la ziada ambalo wengi hawalisemi: hata jibu la Pemba lina tarehe yake. Malaria Zanzibar imeshuka mno tangu wakati huo, na Pemba ya 2003 siyo Pemba ya leo. Swali la wapi lina mdogo wake, swali la lini.

Nilipokuwa naandika makala haya nilishawishika kupita njia ya mkato. Nina hadithi moja niipendayo, na nilitaka kuitumia kumpiga nayo muuzaji wangu wa nano. Mwaka 2003 mwanasayansi Rita Colwell na wenzake walichapisha matokeo kutoka vijiji vya Bangladesh, ambako akina mama walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne au zaidi. Kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48. Sari kuukuu, si mpya, kwa sababu nyuzi za nguo iliyochakaa huchanua na kuziba matundu. Hapa nikaona tayari: tuna kanga kuukuu kila nyumba! Kanga isiyo na hata senti ya nano!

Kisha nikajiuliza lile swali langu mwenyewe. Kanga hiyo ilipimwa kwa maji ya wapi? Kijidudu cha kipindupindu kina urefu wa mikromita (sehemu ya milioni ya mita) moja hadi tatu; matundu ya sari iliyokunjwa ni kiasi cha mikromita 20. Kijidudu peke yake kinapita humo kama mtoto anavyopita mlango wa msikiti. Sari ilifaulu kwa sababu katika madimbwi na mito ya Bangladesh vijidudu hivyo hujishikiza kwenye vidudu vikubwa vya majini, na sari inavinasa vile vikubwa pamoja na abiria wao. Maji ya pango la Jambiani yaliyoingiliwa na shimo la choo si dimbwi. Vijidudu vyake vingi havina cha kupanda. Huenda kanga ikasaidia katika baadhi ya vijito vya Pemba. Kisimani kwa shangazi itatoa mchanga na majani, basi. Kwa hiyo hadithi yangu niipendayo nayo imepigwa na swali lile lile, na nimeona ni haki niseme hivyo hadharani.

Kuna rafiki yangu mwalimu niliyemsomea sehemu ya makala haya akanikatiza. "Wewe unataka tusubiri mpaka lini? Kipindupindu hakisubiri utafiti." Ana haki ya kuuliza, maana visiwa hivi vinakijua kipindupindu vizuri. Lakini wakati tunasubiri hatuko mikono mitupu: klorini ipo, na kuchemsha kupo. Tena sisemi tusubiri kwa miaka. Angalia alivyofanya Askwar Hilonga, Mtanzania wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, ambaye mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza ya ubunifu wa uhandisi Afrika inayotolewa na chuo cha kifalme cha wahandisi cha Uingereza. Chujio lake linaunganisha mchanga, teknolojia ya bibi zetu, na vitu vya nano vinavyochaguliwa kulingana na maji ya mahali penyewe. Na mahali pake pa kuanzia palikuwa penye floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, kwa sababu maji ya kule kaskazini yana floraidi nyingi. Alianza na maji, kifaa kikafuata. Wauzaji wetu wanaanza na boksi.

Ninachokitaka mimi ni kidogo na kina bei. Kabla Serikali, mradi wa wafadhili au skuli haijanunua mashine ya kusafisha maji, muuzaji alazimishwe kuipitisha kwenye maji ya aina tatu za kwetu: ya chumvi na chokaa kutoka ukanda wa mashariki ya Unguja, ya kisima cha mjini kilichozungukwa na mashimo ya vyoo, na ya kijito cha Pemba baada ya mvua, yenye udongo mwekundu unaowaficha bakteria wasiguswe na dawa wala mwanga. Isipimwe siku ya kwanza tu. Familia ya watu sita hunywa na kupikia kiasi cha lita 20 kwa siku. Kwa siku 90 hizo ni lita 1,800. Zipite zote, na kipimo kichukuliwe mwanzoni, katikati na mwishoni. Chujio la shangazi lingeshindwa kabla ya lita 800, na lingeshindwa mbele ya mtu mwenye kalamu.

Vipimo vyenyewe si vya ajabu. Bakteria wa kinyesi, E. coli, wasionekane hata mmoja katika mililita 100; jibu linapatikana ndani ya saa 24. Fedha inayovuja isipindukie miligramu 0.1 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakivumilia. Shirika hilo lina utaratibu wake wa kupima mashine za nyumbani tangu 2014, nao hutumia maji ya aina mbili, ya kawaida na yaliyochafuliwa makusudi, kwa sababu na wao wanajua. Daraja lake la juu kabisa linataka bakteria wapunguzwe mara elfu kumi, na virusi mara laki moja. Ile asilimia 99.9 ya kwenye boksi ni kupunguza mara elfu tu, na kuhusu virusi boksi lilinyamaza.

Wa kupima wapo. Tuna SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa, tuna maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, tuna Taasisi ya Viwango, tuna Wawi. Tangu 2023 tuna hata tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, pale Bweleo, la kwanza nje ya India. Vijana wanaotafuta mada za kumalizia shahada kila mwaka wanarudia mada za wenzao waliotangulia, na hapa pana mada ya kutosha darasa zima: gamba jeupe linaganda kwa kasi gani kwenye kila aina ya kigae, na siki au ndimu hulitoa bila ya kutoa fedha? Nisingejali kulisoma hilo hata kama limeandikwa vibaya.

Na vile vidude vya ndani ya machujio vikichakaa vinakwenda wapi? Jaani. Jaa liko juu ya maweni, na maweni nimeshaeleza yanavyofanya na kila kinachomwagwa juu yake.

Gharama alipe anayeuza. Nimeambiwa wauzaji watakimbia. Wengine watakimbia, ndiyo, na hao nawaombea safari njema.

Shangazi kwa sasa anachemsha. Makumbi ya nazi anayo, lakini dumu zima kila siku linakula makumbi mengi kuliko wali, na moshi unamkereketa kifua, kwa hivyo siku nyengine hachemshi, na nikimuuliza anabadilisha mazungumzo. Ndoo ya juu ya lile chujio anatilia unga wa muhogo. Ina mfuniko mzuri, anasema, panya hawaingii.

Wiki iliyopita nilipita tena pale dukani. Maboksi yamekuja mapya, rangi zake zimekoza, na sasa yameandikwa 99.99. Wameongeza tisa moja. Maji hawajayataja.